Mwanafunzi wa Uhandisi Vifaa Tiba Wodini: Mafunzo kwa Vitendo na Usalama wa Mgonjwa

Utangulizi

Katika wodi ya watoto wachanga, mashine inaweza kuharibika bila mtu yeyote kugundua. Taa yake huendelea kuwaka, pampu yake huendelea kunguruma, na kipimo cha mtiririko huendelea kuonesha kiasi kilichopangwa, ilhali hewa inayomfikia mtoto imekwisha kupungukiwa oksijeni. Muuguzi huona mtoto hapati nafuu, daktari hufikiria kubadili dawa, na mama hudhani ugonjwa umezidi. Chanzo huweza kuwa kichujio kilichojaa vumbi, kitu ambacho mtu aliyefundishwa angekiondoa, akakiosha na kukirudisha kikiwa kikavu.

Kila mwaka, vyuo vinapofunga madarasa, wanafunzi wa uhandisi na ufundi sanifu wa vifaa tiba hutawanyika katika hospitali za Dar es Salaam kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Wengine huelekea Mwananyamala, wengine Temeke, wengine Amana, na wengine katika hospitali na vituo vya afya vya Mbagala, Sinza, Kigamboni na Tegeta. Mara nyingi watumishi wa wodi huwaona wakipita na mikoba ya vifaa bila kujua wanatafuta nini, na wagonjwa huwadhania kuwa madaktari.

Somo hili linakusudia kueleza mambo manne: aina za nafasi za kujifunzia kazi zilizopo kwa wanafunzi hao, kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya na mipaka asiyopaswa kuivuka, wajibu wa wodi, karakana na mgonjwa, na namna mafunzo ya wiki chache yanavyoweza kumfungulia mwanafunzi mlango wa ufadhili wa masomo na utafiti. Hoja kuu ni moja. Mafunzo ya mwanafunzi wa uhandisi hospitalini ni sehemu ya huduma kwa mgonjwa. Yakisimamiwa vyema huokoa mashine na maisha. Yakiachwa yajiendeshe huweza kuleta hatari mahali palipotarajiwa msaada.

Aina tatu za nafasi

Maneno yanayotumika kuhusu nafasi hizi huchanganywa mara kwa mara, na mchanganyiko huo huwapotosha wanafunzi na wanaowapokea. Yafaa kutofautisha mambo matatu.

La kwanza ni mafunzo kwa vitendo. Haya hufanyika mwanafunzi angali chuoni, kwa kawaida kwa wiki kadhaa mwishoni mwa mwaka wa masomo. Ni sehemu ya mtaala, hutolewa alama, na mwanafunzi hubaki chini ya dhamana ya chuo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani ya vifaa tiba nchini.

La pili ni utarajali, yaani kipindi cha kazi chini ya usimamizi baada ya kuhitimu. Madaktari, wafamasia na wauguzi wa shahada wanaufahamu vyema, kwani hutumikia mwaka mmoja kabla ya kupata usajili kamili. Wahandisi nao wana utaratibu wao. Tangu mwaka 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi huendesha mpango wa miaka mitatu unaowaweka wahitimu wa uhandisi chini ya wahandisi wazoefu, ili wafikie sifa za kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu. Jambo hili watumishi wengi wa afya hawalijui: mhandisi mhitimu, kama alivyo daktari mhitimu, bado ana safari ya kujifunza kwa mkono wa aliyemtangulia.

La tatu ni ufadhili wa masomo au utafiti. Huu hutolewa kwa ushindani, ndani au nje ya nchi, na humwezesha mwanafunzi au mhitimu kusoma zaidi, kubuni kifaa au kushiriki katika mradi. Anayeomba huulizwa amefanya nini, siyo amesoma nini tu. Hapo ndipo thamani ya mafunzo kwa vitendo yaliyofanywa kwa uangalifu inapodhihirika.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa tiba kutoka nchi zenye kipato kidogo. Kati ya vifaa 112,040 vilivyoorodheshwa, asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Kwa lugha nyepesi, katika kila vifaa kumi, karibu vinne vilikuwa vimesimama. Sababu zinajulikana kwa yeyote aliyefanya kazi hospitalini: umeme unaopanda na kushuka, vipuri visivyopatikana, vitabu vya maelekezo vilivyopotea au vilivyoandikwa kwa lugha isiyoeleweka, na uchache wa mafundi.

Utafiti mwingine wa Malkin, alioufanya na Allison Keane na kuuchapisha mwaka 2010, una habari ya kutia moyo. Walichambua maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye rasilimali chache katika nchi 11. Waligundua kwamba takribani theluthi mbili ya vifaa vilivyosimama vingeweza kurudi kazini kwa kutumia stadi 107 tu za msingi: za umeme, za mitambo, za mabomba, za mota, za vyanzo vya nguvu, na za kumfundisha mtumiaji namna ya kukitumia kifaa. Stadi hizo ni chache kuliko zile anazotakiwa kuwa nazo mhandisi kamili wa vifaa tiba.

Maana ya matokeo haya kwa jiji la Dar es Salaam ni kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Temeke peke yake ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.3, na Kinondoni karibu milioni moja. Hospitali zinazowahudumia hupokea wajawazito na watoto wachanga usiku na mchana, na mashine zake hazipumziki. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, akiwa na stadi za msingi na msimamizi wa kumwongoza, si mzigo kwa hospitali kama hizo. Ni mikono ya ziada mahali penye upungufu.

Hata hivyo takwimu hizo zisisomwe nusu. Theluthi moja iliyobaki inahitaji utaalamu wa juu, vipuri au vipimo maalumu. Mwanafunzi asiyejua kutofautisha makundi hayo mawili anaweza kuligeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Mfano wa somo: mashine ya oksijeni

Ili msomaji aone jinsi mafunzo yanavyopaswa kwenda, na tuchukue mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Hewa tunayoivuta ina takribani asilimia 21 ya oksijeni na asilimia 78 ya naitrojeni. Pampu ya mashine huisukuma hewa hiyo katika mitungi miwili yenye chembe za madini ya zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mitungi hupokezana: mmoja ukichuja, mwingine hutoa nje naitrojeni ulioinasa. Mashine iliyo nzima hutoa hewa yenye oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ukolezi ukishuka chini ya asilimia 82 mashine haifai kutegemewa mpaka itengenezwe.

Mwanafunzi anapopelekwa kwenye mashine inayolalamikiwa, asianze na bisibisi. Aanze na maswali matatu.

Swali la kwanza: nani aliigundua hitilafu, na aliona nini? Jibu liko kwa muuguzi wa zamu. Kauli kama “tangu juzi inapiga kelele tukiongeza lita” ina taarifa nyingi kuliko kipimo chochote. Mashine nyingi zina kikomo cha lita tano au kumi kwa dakika. Ikigawanywa kwa watoto wengi na kusukumwa kupita kikomo chake, ukolezi wa oksijeni hushuka ingawa mashine yenyewe ni nzima. Hapo tiba ni kupanga upya matumizi, wala hakuna cha kufungua.

Swali la pili: mazingira yakoje? Mashine iliyobanwa ukutani au kufunikwa shuka haipati hewa ya kutosha, nayo hupata joto. Hewa ya pwani ni yenye unyevu, na unyevu ukiingia katika zeolaiti huidhoofisha. Wodi iliyo karibu na barabara ya vumbi hujaza kichujio haraka, hivyo kichujio cha nje hustahili kuoshwa kwa maji na sabuni walau mara moja kwa wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Chupa ya kulainishia hewa ikifungwa upande, oksijeni huvujia mfunikoni kabla ya kufika kwa mgonjwa. Njia rahisi ya kutambua ni kuchovya ncha ya mrija katika maji safi: mapovu yakikosekana, hewa haifiki. Mrija uliochovywa usirudishwe kwa mgonjwa.

Swali la tatu: kipimo kinasemaje? Mapovu huonesha kuwa hewa inatoka. Hayaoneshi kuwa hewa hiyo ni oksijeni. Lazima ukolezi upimwe kwa kifaa chake, mashine ikiwa imewashwa kwa dakika kadhaa na kutulia. Matokeo yaandikwe, pamoja na tarehe na jina la aliyepima.

Kanuni inayopatikana hapa inazihusu mashine nyingine pia: kuwaka si kufanya kazi. Taa za kutibu umanjano wa watoto huendelea kung’aa machoni hata baada ya nguvu yake ya kutibu kupungua. Mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke inaweza kupiga kengele ya kumaliza ilhali haikufikia nyuzijoto 121 kwa muda unaotakiwa. Mashine ya kupima shinikizo la damu hutoa namba hata inapokosea. Mwanafunzi anayeondoka hospitalini akiwa ameishika kanuni hii moja amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote ya kazi.

Mipaka ya mwanafunzi

Shauku ya mwanafunzi ni neema, lakini inahitaji mipaka iliyoandikwa na kusainiwa siku ya kwanza. Mipaka ifuatayo yafaa kuwa ya chini kabisa.

Kwanza, mwanafunzi asiguse mashine iliyounganishwa na mgonjwa. Kabla mashine haijaondolewa, muuguzi au daktari ahakikishe mgonjwa amepata mbadala, kama vile mtungi wa oksijeni ulio tayari kando ya kitanda. Mashine ikitoka na mbadala ukiwa bado njiani, dakika hizo za katikati ndizo za hatari.

Pili, mwanafunzi asifungue mashine za mionzi. Vyanzo vya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na wanaovishughulikia lazima wawe na idhini na kipimo cha mionzi cha kuvaa.

Tatu, asifungue mashine ya kushtua moyo. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme mwingi, na umeme huo huweza kuua hata mashine ikiwa imechomolewa ukutani.

Nne, mashine isirudi wodini kabla msimamizi hajaithibitisha kwa saini yake. Mwanafunzi aweza kutengeneza. Idhini ya kutumika kwa mgonjwa ni ya mtaalamu aliyesajiliwa.

Tano, mwanafunzi asibuni kipuri pasipo ridhaa. Mpira uliokatwa dukani au waya uliounganishwa kwa gundi huweza kuifanya mashine iwake, na kesho yake kusababisha moto au kipimo cha uongo.

Yupo pia mwanafunzi mwenyewe, ambaye naye ni wa kulindwa. Mashine ya kufyonza, kwa mfano, hubeba damu na majimaji ya wagonjwa. Wodi ina wajibu wa kuisafisha kwa dawa kabla haijakabidhiwa karakana, na kuipa kibandiko kinachosema imesafishwa. Mwanafunzi avae glavu, na awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B. Kwa kuwa chanjo hiyo kwa kawaida huchukua dozi tatu katika muda wa miezi sita, maandalizi yake lazima yaanze chuoni mapema, wala si wiki ya kuripoti. Akichomwa na kitu chenye ncha kali, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, atoe taarifa bila kuchelewa na kuanzishiwa dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI iwapo zitahitajika. Dawa hizo zianze mapema iwezekanavyo, na zisizidi saa 72. Mwanafunzi anayeficha ajali kwa kuogopa alama mbaya anahatarisha maisha yake, na hospitali inayomtia hofu hiyo ina sehemu katika lawama.

Wodi ni darasa, muuguzi ni mwalimu

Imezoeleka kudhani kuwa mwanafunzi wa uhandisi hufundishwa karakanani tu. Ukweli ni kwamba nusu ya somo lake iko wodini. Karakana humwonesha kifaa kilivyo. Wodi humwonesha kifaa kinavyotumika saa tisa usiku, umeme umekatika, wauguzi wawili wakiwa na watoto wengi.

Mfano mmoja kutoka kaskazini mwa nchi unafundisha. Shirika la Engineering World Health la Marekani limewahi kuleta wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo vya nje katika hospitali za Tanzania kwa mafunzo ya miezi miwili. Mwezi mzima wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kiswahili na ufundi. Ndipo katika mwezi wa pili walipokwenda hospitalini kutengeneza vifaa. Waandaaji walielewa kwamba asiyeweza kumsikiliza muuguzi hawezi kuitibu mashine. Mwanafunzi wa Kitanzania ana Kiswahili tayari, lakini lugha ya wodi bado ni ngeni kwake: zamu, makabidhiano, dharura, usafi wa mikono, na heshima ya kitanda cha mgonjwa. Lugha hiyo hufundishwa na muuguzi.

Kwa hiyo yafaa kila hospitali inayopokea wanafunzi hawa ifanye mambo machache yasiyogharimu fedha nyingi. Mganga mfawidhi amteue msimamizi mmoja mwenye jina, wala isiwe “idara.” Muuguzi msimamizi wa wodi apewe nusu saa ya kumtembeza mwanafunzi na kumwonesha mashine zote, zile nzima na zile zilizokwisha kusahauliwa stooni. Kila mashine iwe na kadi yake yenye tarehe ya matengenezo kinga ya mwisho na ya yale yanayofuata. Na mwanafunzi, kabla ya kuondoka, awafundishe watumishi wa zamu jambo moja alilolibaini, kama vile namna ya kuosha kichujio. Kwa kuwa kumfundisha mtumiaji ni mojawapo ya makundi ya stadi yaliyotajwa katika utafiti wa Malkin na Keane, darasa hilo fupi ni matengenezo halisi.

Hitilafu iliyomdhuru au iliyokaribia kumdhuru mgonjwa haiishii karakanani. Hutakiwa kutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ili kama kasoro iko katika toleo zima la kifaa, hospitali nyingine zipate kuonywa. Mwanafunzi afundishwe kujaza taarifa hiyo angali mwanafunzi. Akizoea kunyamaza sasa, atanyamaza akiwa mkuu wa karakana.

Haki na nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa na ndugu zake wana haki ya kumjua mtu anayesimama kando ya kitanda. Mwanafunzi avae kitambulisho, asalimie, ajitaje kuwa ni mwanafunzi wa vifaa tiba na aeleze alilolijia. Si aibu kwa mama kumuuliza, “Mwanangu, wewe ni daktari?” wala si aibu kwa mwanafunzi kujibu, “Hapana mama, mimi najifunza kutunza mashine. Daktari yuko pale.” Jibu la kweli hujenga imani.

Picha ni jambo la kuangaliwa. Wanafunzi hupenda kupiga picha mashine kwa ajili ya ripoti, na simu haichagui: huchukua pia uso wa mtoto, jina lililo kwenye faili, au namba iliyo kitandani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo, na za afya zina uzito wa pekee. Mashine ipigwe picha ikiwa karakanani, peke yake.

Mgonjwa naye ana mchango. Ndugu anayekaa na mgonjwa huwa wa kwanza kusikia mlio uliobadilika au kuona mrija uliochomoka. Amwite muuguzi. Asizime kengele, asiongeze wala kupunguza oksijeni kwa mkono wake, na asichomoe mashine ili kuchaji simu, hata kwa dakika moja.

Nauli, posho na usawa

Mazungumzo kuhusu mafunzo hukwepa mara nyingi suala la fedha, nalo ndilo huamua nani anajifunza na nani anakosa. Mwanafunzi anayeishi Bunju akapangiwa Temeke, au anayeishi Chamazi akapangiwa Mwananyamala, hupanda daladala mbili au tatu kila upande. Akikosa nauli siku mbili kwa wiki, hukosa karibu nusu ya mafunzo yake, na daftari lake huandikwa utoro. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika.

Vyuo vinaweza kupunguza mzigo huu kwa kuwapanga wanafunzi karibu na wanakoishi inapowezekana, na kwa kupeleka barua za maombi hospitalini miezi kadhaa kabla. Barua inayofika wiki moja kabla ya mafunzo humfikia yule mwenye ndugu hospitalini, na humwacha nje mtoto wa mkulima kutoka mkoani. Wanafunzi wa kike wahakikishiwe mahali pa kubadilishia nguo na msimamizi wanayeweza kumwendea wakisumbuliwa, kwani karakana nyingi bado ni za wanaume watupu.

Kutoka daftari hadi ufadhili

Daftari la mafunzo huonekana kwa wengi kama karatasi za kusainiwa siku ya mwisho. Kumbe ndilo hazina ya mwombaji wa ufadhili. Mwanafunzi aliyeandika kila siku ni mashine gani aliikuta, dalili zake, alichokipima, alichokifanya na matokeo baada ya wiki, ana ushahidi mikononi. Jopo la ufadhili husoma barua nyingi zenye maneno “napenda sana teknolojia”. Huisimamia ile inayosema mashine kadhaa za kufyonza zilisimama kwa sababu moja, na kupendekeza namna ya kuizuia.

Historia ya kifaa kiitwacho Pumani yathibitisha hoja hii. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipewa tatizo lililotoka kwa madaktari wa watoto: watoto wachanga wenye shida ya kupumua nchini Malawi, na mashine za kuwasaidia zilizokuwa ghali mno. Mfano wao wa kwanza ulitumia pampu za hewa za matangi ya samaki. Baada ya kuboreshwa, kifaa kilijaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa asilimia 71 ya watoto waliokitumia walipona, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na watoto hawakugawanywa kwa kura, hivyo matokeo yasomwe kwa tahadhari. Lakini ulionesha wazi umbali ambao wazo la wanafunzi huweza kufika likisimamiwa na wataalamu.

Tanzania nayo imo katika safari hiyo. Mpango wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 katika nchi za Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania, unashughulikia huduma ya watoto wachanga wagonjwa, vifaa vyake, na mafunzo ya wahandisi na mafundi wa kuvitunza. DIT ni mmoja wa washirika wake, na Taasisi ya Afya Ifakara ni mwingine. Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni hana haja ya kusubiri safari ya ng’ambo ili aanze kubuni. Tatizo la kubunia liko wodini, na aliyelishuhudia ana faida kuliko aliyelisoma.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Palipo na kiu ya ufadhili, matapeli nao hawakosekani. Nafasi halali hutangazwa na taasisi inayoweza kuthibitishwa, ina masharti yaliyoandikwa, na haimtaki mwombaji atume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili “kuharakisha.” Mwanafunzi aithibitishe nafasi kwa ofisi ya chuo chake kabla ya kutoa nakala ya pasipoti au ya vyeti.

Hitimisho

Mashine hospitalini haimtibu mtu yeyote bila mnyororo wa watu walio nyuma yake: aliyeinunua, aliyeifunga, aliyeitumia, aliyeitunza na aliyemfundisha mtunzaji. Mwanafunzi wa uhandisi vifaa tiba ni pete changa katika mnyororo huo. Akipokewa kwa jina, akapewa msimamizi, mipaka na daftari, na akasikilizwa na wodi, hospitali hupata mashine zilizorudi kazini leo na mtaalamu wa kesho. Samaki mkunje angali mbichi. Tabia ya kupima kabla ya kuthibitisha, na kusema kweli kuhusu kosa, hujengwa katika wiki hizo chache.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti kati ya mafunzo kwa vitendo, utarajali na ufadhili wa masomo au utafiti.

2. Mashine ya oksijeni inanguruma na mapovu yanaonekana, lakini mtoto hapati nafuu. Ni kipimo gani kinachokosekana, na nani anayepaswa kuulizwa kwanza?

3. Katika wodi yako, mashine ipi ikiondolewa sasa hivi haina mbadala ulio tayari? Nani ana wajibu wa kuuandaa?

4. Mwanafunzi ameirudisha mashine wodini, nayo inawaka. Ni saini ya nani inayohitajika kabla ya kuitumia kwa mgonjwa, na kwa nini?

5. Ewe mgonjwa au ndugu: ukisikia mlio wa mashine umebadilika, utafanya nini, na hutafanya nini?